Nani Aliyetoboa Sakafu?

Maji yalianza kudondoka siku ya tatu baada ya wapangaji wa juu kuhamia. Yalidondokea katikati ya duka la vitambaa, juu ya majora ya vitenge, kupitia dari la jipsamu lililokuwa bado linanukia rangi. Jengo lilikuwa jipya, la ghorofa nne, maduka chini na ofisi juu, katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam ambako nyumba za Waswahili za vyumba sita zinavunjwa moja moja kupisha vioo.

Mwenye jengo alimpigia mkandarasi. Mkandarasi akampigia fundi bomba. Fundi bomba akasema mabomba yake aliyapima kwa presha kabla ya kukabidhi na mshale haukushuka hata nukta, kwa hiyo aulizwe aliyepaka dawa ya kuzuia maji kwenye sakafu ya choo. Wa dawa naye akasema alipomaliza aliziba tundu la kutolea maji, akajaza maji sakafuni, yakalala siku mbili bila kupenya. Kama leo yanapenya, atafutwe aliyekanyaga hapo baada yake. Aliyekanyaga baada yake ni fundi wa vigae. Fundi wa vigae alikuwa Dodoma kwenye saiti nyingine, simu yake inaita mpaka inakata.

Mimi wakati huo nilikuwa karani wa saiti hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuandika mifuko ya saruji iliyoingia, nondo zilizotoka stoo na majina ya waliofika kazini. Vigae vilipovunjwa tukakuta mchawi mwenyewe: matundu ya skrubu. Mtu fulani alikuwa amefunga vizuizi vya alumini vya kutenganisha vyoo, akavikaza sakafuni kwa drili, na drili ikapita kigae, ikapita saruji ya kubandikia, ikatoboa lile tabaka la dawa. Nilifungua daftari langu kumtafuta mtu huyo nisimwone. Aliletwa na fundi wa alumini, naye fundi wa alumini alipewa kazi ya vizuizi kwa mdomo, wiki ya mwisho, kwa kuwa aliyekuwa aifanye hakutokea. Hakukuwa na karatasi wala jina. Aliingia getini asubuhi akatoka jioni na ujira wake mfukoni.

Aliyelipa ni mkandarasi. Alilipa vigae vya vyoo vitatu, dawa mpya, dari, na majora ya mwenye duka. Alipolalamika kwamba yule mtu hakumwajiri yeye, mwenye jengo alimwonyesha ukurasa wa saini kwenye mkataba wao. Pale palikuwa na majina mawili tu.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia makandarasi wakizungumzia hatari ya kuwapa watu wengine vipande vya kazi, huwa nasubiri nione kama watafika kwenye yale matundu. Mara nyingi hawafiki. Wataongelea fundi aliyeiba saruji, fundi mlevi, fundi aliyechukua malipo ya awali akafungua genge la mkaa. Hao wapo, nimewaona. Lakini mfuko wa saruji ulioibwa unajulikana bei yake. Hasara kubwa nilizoziona zilitoka mahali pengine: pale kazi ya mtu mmoja inapokutana na kazi ya mwingine na katikati hapana mwenyewe, na pale fedha zinapochelewa kushuka.

Tuanze na jengo lenyewe lilivyo siku hizi. Mkandarasi mkuu wa jengo la biashara, hata mwenye jina kubwa, si ajabu akawa na waajiriwa wa kudumu wachache kuliko mabasi anayomiliki bosi wa daladala. Kufunga nondo kuna kikosi chake. Kuseti mbao na mirunda kuna wengine. Wapo wa zege, wa matofali, wa plasta na skimu, wa umeme, wa mabomba, wa viyoyozi, wa lifti, wa mitambo ya kuzimia moto, wa vioo na alumini, wa jipsamu, wa vigae, wa rangi. Baadhi ni kampuni zilizosajiliwa, zenye ofisi na mhasibu. Baadhi ni mtu na simu yake. Wengi hufanya kwa ule mtindo ambao mafundi huuita leba chaji, yaani vifaa vyako, mikono yao.

Hakuna ubaya katika hilo. Mtu anayefunga lifti mwaka mzima ataifunga vizuri kuliko mkandarasi anayekutana na lifti mara moja kwa miaka mitatu. Tatizo ni imani iliyojengeka kwamba ukishagawa kazi umegawa na lawama. Mikataba haisemi hivyo. Masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, yaani kile kitabu chekundu ambacho miradi mingi mikubwa ya Afrika Mashariki hukitumia, katika toleo la mwaka 1999 kifungu cha 4.4 yanamkataza mkandarasi kuigawa kazi yote kwa wengine, na yanasema kwamba vitendo na makosa ya mkandarasi mdogo vitahesabiwa kana kwamba amevifanya mkandarasi mkuu mwenyewe. Kwa lugha ya saiti: skrubu za mtu usiyemjua ni skrubu zako.

Bei ya chini inatoka wapi

Kumchuja mtu kabla ya kumpa kazi kuna njia za karatasi na njia za miguu. Za karatasi zinajulikana. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la 1 hadi la 7, wa kazi maalumu kuanzia la 1 hadi la 3, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi linaloruhusiwa kuchukua. Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA, yenye madaraja manane, nayo husajili hata mafundi na wasimamizi wa saiti. Kuangalia kama jina lipo na ada imelipwa ni kazi ya dakika chache. Ajabu ni kwamba mkandarasi ambaye hawezi kununua pikipiki bila kuona kadi yake humkabidhi mtu mfumo mzima wa umeme wa jengo bila kuuliza namba ya usajili.

Njia za miguu ndizo ninazoziamini zaidi. Nenda kwenye saiti anayofanya sasa hivi, usimwambie. Usiangalie ukuta uliokwishapigwa rangi, maana rangi inasitiri mengi. Angalia ukuta ambao bado haujafunikwa. Kisha nenda kwenye duka la vifaa anakochukua mali. Mwenye duka la vifaa anajua habari za makandarasi kuliko benki: anajua nani anakopa Jumatatu akalipa Ijumaa, nani amebadilisha duka mara tatu mwaka huu, nani anaomba risiti iandikwe bomba la aina moja huku akibeba la aina nyingine. Atakusogezea kigoda na kukueleza yote, hasa kama na wewe ni mteja. Mwisho muulize mwombaji mwenyewe ana kazi ngapi mkononi na ni nani hasa atakayesimama saitini kwako. Akijibu "vijana wangu watakuja" bila kutaja hata mmoja, elewa kwamba huenda kazi yako itauzwa tena. Anayeipokea atakata cha juu, ampe mwingine, naye akate chake, na mpaka inamfikia mwenye koleo imebaki hela ya koleo.

Hapo ndipo bei inapoingia. Tuseme una kazi ya mabomba. Umeipigia hesabu mwenyewe na mkadiriaji wako, ukaona vifaa peke yake vitakula shilingi milioni 35. Wanakuja waombaji watatu: wa kwanza anataka milioni 62, wa pili 58, wa tatu 37. Shetani atakunong'oneza uchukue wa tatu, na nimeona watu wazima wakimsikiliza. Lakini huyu amejibakizia milioni mbili za kulipa mafundi, usafiri, kodi, chakula na faida. Hazitoshi, naye anajua hazitoshi. Basi tofauti itatoka wapi? Huenda bomba la kuhimili presha kubwa, PN 20, litageuka la presha ndogo, PN 10, na likishafunikwa na plasta hakuna atakayelitambua mpaka lipasuke. Huenda malipo yako ya awali yanakwenda kumalizia jengo la mtu mwingine aliyemdai zamani. Au atafika katikati ya kazi, pale ambapo huwezi kumfukuza, aanze kuleta nyongeza: hili halikuwemo, lile halikuwemo. Mtu wa aina hiyo hajakupunguzia bei. Amekukopa.

Simaanishi kwamba wa milioni 62 ndiye bora. Namaanisha kwamba kabla ya kutia saini, kaa naye mezani akuonyeshe kila shilingi imeingia wapi. Wakati mwingine utagundua kweli amekosea hesabu, hakuona ghorofa ya tatu kwenye mchoro. Muungwana humwambia. Ukinyamaza ukadhani umepata bahati, bahati hiyo itakukimbia mabomba yakiwa nusu.

Ndoo mbili na kamba moja

Kisa kikubwa kuliko vyote ninavyovijua kuhusu mahali ambapo kazi mbili zinakutana hakikutokea huku kwetu. Kilitokea Kansas City, Marekani, jioni ya tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency ambayo ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu. Ukumbi wake wa mapokezi ulikuwa mrefu kwenda juu, na hewani kulikuwa na njia za kupita kwa miguu kutoka upande mmoja wa hoteli hadi mwingine, zikining'inia kwa vyuma vyembamba kutoka darini. Ya ghorofa ya nne ilikuwa juu ya ile ya ghorofa ya pili. Jioni hiyo kulikuwa na dansi. Watu wamejaa chini, wengine wamesimama kwenye hizo njia wakitazama. Njia ya nne ilichomoka, ikaiangukia ya pili, na zote mbili zikawaangukia waliokuwa chini. Walikufa watu 114 na zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Mchoro wa kwanza wa wahandisi ulionyesha chuma kimoja kirefu kinachotoka darini, kinapita kwenye njia ya nne na kuendelea hadi ya pili, kila njia ikikalia nati yake. Kampuni iliyopewa kandarasi ndogo ya kutengeneza vyuma iliona tabu: ili nati ifike kwenye nafasi ya njia ya nne, ingebidi chuma kikatwe meno kwa urefu mkubwa, na meno hayo yangeweza kuharibika wakati wa kupandisha. Wakapendekeza vyuma viwili: kimoja kutoka darini hadi njia ya nne, kingine kutoka njia ya nne hadi ya pili. Kwa macho ni kitu kilekile.

Chukua kamba, ifunge juu ya mti, uning'inize ndoo mbili za maji, kila moja na fundo lake kwenye kamba. Kila fundo linabeba ndoo moja. Sasa ifungue ndoo ya chini uifunge kwenye mpini wa ndoo ya juu. Mti haujui tofauti, kamba ya juu haijui tofauti. Lakini lile fundo la ndoo ya juu sasa linabeba ndoo mbili. Ndicho kilichotokea Kansas City: kiungo cha njia ya nne kilibebeshwa mara mbili. Uchunguzi wa serikali ulikuja kuonyesha kwamba hata mchoro wa kwanza ulikuwa dhaifu kuliko matakwa ya sheria ya ujenzi ya mji huo, na kwamba kiungo kilichojengwa kiliweza kubeba takriban asilimia 30 tu ya mzigo uliotakiwa.

Nani aliyepiga hesabu ya kiungo kile? Hilo ndilo swali ninalotaka kila mkandarasi alichukue nyumbani. Wahandisi walidhani hesabu ya viungo ni kazi ya mtengeneza vyuma. Mtengeneza vyuma alidhani wahandisi wameshaipiga. Tena mtengeneza vyuma naye alizidiwa na kazi, akaipa kampuni nyingine ichore michoro ya utengenezaji. Akasema mabadiliko yale yaliidhinishwa kwa simu. Wahandisi wakakana kupigiwa simu hiyo. Michoro ilirudi kwa wahandisi, ikagongwa muhuri wao, ikapita. Mwishoni wahandisi wawili walinyang'anywa leseni Missouri. Ukiutazama mnyororo huo pete baada ya pete, humwoni mwizi wala mlevi. Unaona watu wenye vyeti, kila mmoja akiamini kwamba yule mwingine ameshaangalia.

Huku kwetu simu ile inapigwa kila siku, tena siku hizi ni ujumbe wa WhatsApp. "Bosi, nondo za 16 zimeisha dukani, niweke za 12 nizisogeze?" Bosi yuko njiani Morogoro, anajibu kwa kidole gumba cha njano. Kesho yake zege linamwagwa, na kidole kile ndicho hati pekee ya mabadiliko ya nguzo. Kwa maoni yangu mkandarasi ambaye hatafanya jambo jingine lolote katika haya ninayoyaandika, afanye hili moja: aandike kwenye mkataba wa kila fundi kwamba hakuna badiliko la kitu kinachobeba uzito, kinachopitisha maji au kinachopitisha umeme mpaka kuna karatasi yenye saini ya mhandisi, na kwamba fundi atakayebadilisha bila karatasi atavunja kwa gharama yake. Kisha asilivunje sharti hilo yeye mwenyewe siku ana haraka. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Na kwa vitu vitakavyofunikwa, wekeni makabidhiano kati ya fundi na fundi, yasiwe kati ya fundi na bosi peke yake. Kabla wa vigae hajaweka kigae cha kwanza, asimame chooni na wa dawa, waangalie maji yaliyolala, wasaini wote wawili kwenye daftari. Kabla plasta haijafunika mabomba, wa plasta aone mshale wa presha kwa macho yake. Picha ya simu yenye tarehe inatosha kuambatanisha. Sisi katika saiti ile hatukuwa na daftari hilo. Tungekuwa nalo, yule mwenye drili angeulizwa mlangoni amekuja kutoboa nini.

Nikilipwa nitakulipa

Sasa fedha, ambako lazima niseme maneno yatakayowaudhi marafiki zangu makandarasi. Malalamiko ya "mafundi wamenikimbia" nimeyasikia miaka mingi. Nikichimba kidogo, nusu yao nakuta walikimbizwa.

Kuna sharti linaloandikwa katika mikataba mingi midogo, na lisipoandikwa husemwa: nikilipwa na mteja, nitakulipa. Masikioni linaonekana la haki. Lakini hebu lifuate linavyotembea. Mteja amechelewa miezi miwili. Mkandarasi mkuu ana benki, ana miradi mingine, anaweza kupumua. Fundi wa jipsamu ana vijana wanane wanaolala na njaa na deni kwenye duka la vifaa. Atafanya nini? Atachukua kazi nyingine upande wa pili wa mji inayolipa leo, atakuachia vijana wawili wazembe ili asionekane amehama, na ratiba yako itaanza kuoza kuanzia darini. Wewe utasema amekukimbia. Uingereza walilitazama sharti hili wakaliona ni sumu, na sheria yao ya ujenzi ya mwaka 1996 ikalibatilisha, isipokuwa pale ambapo mlipaji wa juu amefilisika.

Hata hivyo sheria peke yake haikuwaponya, maana ni huko huko Uingereza ambako Carillion, moja ya kampuni kubwa kabisa za ujenzi, iliporomoka tarehe 15 Januari 2018. Kamati za Bunge zilizochunguza zilikuta kampuni ilibakiwa na fedha taslimu pauni milioni 29 tu, ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7. Watoa huduma, makandarasi wadogo na wadai wengine wa muda mfupi, wapatao 30,000, walikuwa wakiidai kiasi cha pauni bilioni 2. Wengi wao walikuwa wamezoeshwa kusubiri malipo hadi siku 120. Kwa maneno mengine, jitu lile lilikuwa likiendeshwa kwa fedha za wadogo zake, na lilipoanguka likawaangukia wao. Hospitali mpya ya Royal Liverpool iliyokuwa ikijengwa na kampuni hiyo, ambayo ilitarajiwa kufunguliwa 2017, ilikuja kufunguliwa 2022.

Kuna fedha nyingine ambayo haizungumzwi sana: ile inayozuiliwa. Kwa kawaida mkandarasi hukata asilimia 5 au 10 ya kila malipo, aiachilie nusu kazi inapokabidhiwa na nusu baada ya kipindi cha matazamio. Ni kinga nzuri, na mkandarasi asiiache. Lakini kwa fundi mwenye faida ya asilimia 10, ile asilimia 10 inayozuiliwa ndiyo faida yote. Usipoirudisha kwa wakati umemfanyisha kazi bure, na siku utakayomwita arudi kurekebisha kasoro hatarudi. Umeshikilia fedha iliyokusudiwa kumrudisha, na kuishikilia huko ndiko kumemzuia kurudi. Waliokuwa na fedha za zuio ndani ya Carillion walizikosa, kwa kuwa zilikuwa zimechanganyika kwenye mfuko mmoja na fedha nyingine zote.

Kwa hiyo nadhani kinga bora upande wa fedha ni malipo madogo madogo, kwa kazi iliyopimwa, kwa siku inayojulikana. Ijumaa pimeni mita zilizowekwa, Jumatatu lipa. Malipo ya awali, kama lazima, yaende moja kwa moja dukani kununua vifaa vinavyoingia stoo yako, yasiende mkononi. Kwa kazi kubwa, kama lifti au viyoyozi vya jengo zima, dai dhamana ya benki au ya bima kwa malipo ya awali, kisha ipigie benki yenyewe kuuliza kama dhamana hiyo ni yao, maana karatasi za kughushi zinatembea. Na kata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma uipeleke Mamlaka ya Mapato, TRA. Usipoikata, itadaiwa kwako.

Nisilisahau jambo la aliyeteuliwa na mteja. Mwenye jengo anakuja na mtu wake wa vioo, au wa lifti, au shemeji yake anayefunga kamera, anasema huyu mpe kazi hii, bei tumeshaelewana. Huyo ana mabwana wawili na hamsikilizi hata mmoja. FIDIC inampa mkandarasi haki ya kumpinga mtu wa namna hiyo akiwa na sababu za msingi, na sababu ziandikwe mapema. Baada ya shemeji kuvunja kioo ni kuchelewa.

Lakini hatari isiyo na fidia kamili ni ya mwili wa mtu. Asubuhi kwenye geti la kila saiti kubwa kuna vijana wamekaa wakisubiri kuitwa saidia fundi. Kikosi cha zege kinapungukiwa watu watano, nyapara anatoka nje ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Wanaingia na kandambili. Saa nane mmoja anateleza kwenye jukwaa. Kila mtu anaanza kusema si wangu. Wa zege anasema aliitwa na nyapara, nyapara anasema ni kibarua wa siku, mkandarasi mkuu anasema hiyo kazi alishampa wa zege. Hospitalini wanaulizia fomu ya polisi, PF3, na polisi wanauliza mwajiri ni nani. Nimeliona swali hilo likikaa hewani nusu saa nzima, kijana amelala kwenye benchi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa sheria ya mwaka 2008, na mchango wake kwa mwajiri ni nusu asilimia tu ya mishahara anayolipa. Kwa kila laki moja ya ujira ni shilingi mia tano, bei ya chapati. Kinachokosekana ni jina la kijana kwenye orodha. Mkandarasi mkuu amdai kila mkandarasi mdogo orodha ya watu wake na uthibitisho wa michango kabla ya malipo ya kwanza, na mlinzi wa geti apewe orodha hiyo. Asiyekuwemo asiingie, hata kama zege linasubiri. Najua litasubiri. Nimekuwa karani, najua kelele za siku hiyo.

Nawe fundi unayesoma hapa, kuchuja ni kwa pande mbili. Omba uone kibali cha ujenzi kabla ya kupanda jukwaa. Jengo lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, likaua watu 36, lilikuwa na kibali cha ghorofa 10 na lilikuwa limefika 16. Ghorofa ya 11 ilijengwa na mafundi. Hata ya 12. Waliozijenga walikuwa na haki ya kuuliza, na ni swali la sentensi moja. Muulize pia mkandarasi mkuu anawadai nani na nani wanamdai. Nenda na wewe kwenye duka la vifaa. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshajibiwa.

Kama una saiti inayoendelea, Jumatatu kabla ya chai mwambie msimamizi akuandikie jina la kila mtu aliyeingia getini, na mbele ya kila jina aliyemleta na kazi aliyokuja kufanya. Karatasi ikirudi na nafasi zilizo tupu, usimwage zege siku hiyo.